Jina la Dorika Lilikuwa Mbele Yangu

Watu waliokatwa mguu huja nyumbani kwetu, Mudzipela, kuniuliza maswali. Wanataka kujua kama kidonda kitauma siku zote, kama mtu anaweza tena kubeba maji, kama mume anabaki. Nawajibu yote ninayoyajua. Nawaonyesha jinsi ya kufunga bandeji, nawaonyesha mguu wangu wa plastiki, nautembeza uani mbele yao. Wanafurahi. Wanasema, "Mwalimu, kumbe inawezekana!"

Lakini hakuna hata mmoja aliyewahi kuniuliza niliupataje mguu huu mapema vile. Haya ninayaandika kwa sababu ya swali hilo wasiloniuliza.

Mimi ni Régine, mwalimu wa darasa la sita. Mume wangu ni fundi seremala, na watu humwita Baba Gloire kwa jina la binti yetu mkubwa. Ugonjwa wangu ulianza kwa jambo dogo la aibu. Mvua za Aprili zilikuwa zimegeuza barabara zetu kuwa tope, nikanunua mabuti ya mpira ya kuendea shuleni. Yalinichuna kisigino. Nilikwisha kuambiwa na daktari kwamba nina ugonjwa wa sukari na kwamba nichunge miguu yangu kama macho. Dawa nilikuwa nakunywa siku nilizokumbuka. Kile kidonda nilikifunga kitambaa, juu yake soksi, juu ya soksi buti.

Darasa la sita lina mtihani wa serikali mwisho wa mwaka. Nikajiambia, watoto wamalize kwanza, halafu nitakwenda hospitali. Mume wangu nilimficha. Wanafunzi sikuweza kuwaficha. Siku moja, msichana wa benchi la mbele alijifunika pua kwa daftari nilipokuwa namsahihishia hesabu. Nilijua kwa nini. Nilihamia upande mwingine wa darasa, nikafundisha toka huko.

Wiki ya mwisho kabla ya mtihani nilianguka mbele ya ubao, chaki mkononi. Nilipoamka nilikuwa hospitali, na daktari kijana alikuwa anaongea na mume wangu kwa sauti ya chini. Nilisikia maneno haya tu: "Leo, chini ya goti. Kesho, itakuwa juu ya goti."

Baba Gloire alikuja kitandani. Hakunigombeza. Aliniuliza, "Tangu lini?"

"Tangu Aprili."

"Na tulikuwa tunalala kitanda moja," alisema. Akaenda kutia sahihi.

Sitaeleza upasuaji, sikuuona. Nitaeleza yaliyofuata, maana hayo ndiyo yatakayokukuta wewe. Kwanza, mguu usiokuwepo huwasha. Vidole vyangu vilikuwa vimekwenda kuzikwa nyuma ya hospitali, lakini saa za mchana vilikuwa vinaniwasha, nami nilikuwa nanyoosha mkono kujikuna nakuta shuka. Pili, kigutu, yaani sehemu ya mguu iliyobaki, kinavimba, kinang'aa, kinakuwa kama kitu cha mtu mwingine ulichowekewa kitandani. Wiki mbili sikukiangalia. Kulikuwa na muuguzi mmoja mnene, mpole, aliyekuwa anapasha maji moto kabla ya kunisafisha, na wenzake hawakuwa wakifanya hivyo. Hakuniambia neno lolote la kunifariji. Alipasha maji tu. Hadi leo, nikimkumbuka, nafsi yangu inatulia.

Nyumbani mambo yalibadilika. Gloire, aliyekuwa na miaka kumi na minne, alianza kusonga bugali wa nyumba nzima na kufua nguo zangu. Mwisho wa mwaka alianguka hesabu, yeye mtoto wa mwalimu. Mume wangu alinibeba kwenda chooni mgongoni, na jirani mmoja akacheka kwa juu ya ua. Baba Gloire hakujibu, lakini tangu siku ile alipunguza maneno. Alikuwa ananifanyia kila kitu na haniambii kitu. Mimi nilikuwa najua anachokiwaza: kama angesema mapema.

Mwezi wa saba nilianza kwenda senta ya viungo, Jumanne na Ijumaa, kwa pikipiki, magongo nikiyakumbatia kifuani. Huko ndiko wanakotengeneza miguu. Senta ni nyumba ndefu yenye baraza, na chini ya baraza kuna benchi la kungojea. Ukifika, sekretere anaandika jina lako katika daftari kubwa. Kila mtu ana numero yake. Unangoja numero yako ifike, na vifaa viwepo, maana plastiki na vyuma vinatoka mbali, vinapitia Uganda na barabara ya Mahagi, na barabara ile ina siku zake za kufungwa.

Sekretere alikuwa Faustin, mdogo wa mume wangu.

Kwenye benchi nilikaa karibu na mwanamke aitwaye Dorika. Alikuwa na umri kama wangu, mwembamba, mwenye sauti ya kukwaruza. Nyoka alimuuma katika shamba la mihogo upande wa Irumu, na njia ya kufika hospitali ilichukua siku mbili. Alikatwa chini ya goti kama mimi. Sasa alikuwa anakaa kwa shangazi yake hapa Mudzipela, nyuma ya soko, anauza makaa. Tuligundua kwamba tuko kartie moja, mtaa mmoja, basi tukawa tunarudi pamoja, pikipiki moja, magongo manne, dereva akilia kwamba tunamtoboa macho.

Kine wetu, yule anayetunyoosha viungo, alikuwa anatuambia maneno yaleyale kila mara: "Goti lisijikunje. Ukikaa, nyoosha. Ukilala, usiweke mto chini. Ukikaa miezi mingi bila mguu na goti likajifunga, mguu wa bandia hautaingia."

Mimi nilikuwa na kitanda, na Gloire wa kunipikia. Nilinyoosha. Dorika alikuwa anakaa kwenye kigoda chake cha makaa tangu asubuhi hadi jioni, goti limekunjwa, kwa sababu ukiuza makaa hulali chali sokoni. Ijumaa moja kine alimkandamiza goti, likakataa kushuka hadi chini. Dorika aliuma kanga yake. Halafu akacheka. "Haina shida. Niko numero ya kwanza sasa. Bakileta vifaa, njo miye wa kupewa."

Nilikuwa wa nane.

Mwezi wa nane ulipokuwa unakwisha, mkuu wa shule alinitembelea. Alikaa kwa adabu, akanywa chai, akasema kwamba mwaka wa shule unakaribia kufunguliwa na kwamba mwalimu wa darasa la sita anatakiwa kusimama. Jumapili iliyofuata tulikuwa kwa mama mkwe, tumemaliza kula samaki na sombe, majani ya muhogo, Faustin yuko. Mume wangu alisema, bila kumtazama mtu, "Vifaa vimefika?"

"Bimefika," Faustin alijibu. "Bya mguu moja tu."

Mimi wa nane. Wote walihesabu, hata mama mkwe.

Faustin aliniangalia. "Shemeji, kuko njia. Kuko kasi ya urgence, ya haraka. Mutu mwenye kigutu yake inaharibika, anapita mbele. Mi' naandika, diregteri anaweka sinyatiri, sahihi yake."

"Na ule mwenye iko ya kwanza?" niliuliza.

"Atangoja kidogo. Mwezi moja, mbili. Vifaa bingine biko mu njia."

Ndugu msomaji, sikuomba. Hilo nililishikilia miezi mingi kama ngao: kwamba sikuomba. Kinywa changu hakikusema "niandike". Nilichofanya ni kuangalia sahani yangu, kuokota mwiba wa samaki, na kunyamaza. Faustin aliusikia ule unyamavu vizuri sana. Mama mkwe aliweka mkono wake begani kwangu, akasema, "Mungu hatupi batu yake."

Jumanne iliyofuata, fundi wa miguu alitokea barazani na karatasi. Dorika alikuwa amekwisha kuweka magongo kwapani, amejiinua nusu.

"Régine!" fundi aliita.

"Si miye?" Dorika aliuliza.

Fundi aliangalia karatasi, akamwonyesha, ingawa alijua hawezi kuisoma. "Hapa wameandika urgence, mama. Kigutu chake kinaoza. Tukichelewa watamkata tena."

Dorika alikaa chini polepole. Akanigeukia, akanishika mkono. Kiganja chake kilikuwa na weusi wa makaa usiotoka kwa sabuni.

"Pole, mwalimu," alisema. "Sikujua kama unaumwa vile. Na unanyamaza tu! Wende, wende mbio."

Nilikwenda. Nilinyoosha kigutu changu kizima, chenye afya, na fundi akakifunga plasta ya kuchukua kipimo. Fundi alikigeuza huku na huku. Aliona. Akaendelea na kazi; nadhani alikuwa amezoea. Plasta ile ilikuwa ya uvuguvugu, kisha ikapoa. Fundi akaniuliza kama nasikia baridi.

Siku shule ilipofunguliwa, niliingia darasani kwa miguu miwili na watoto wakapiga makofi. Mkuu wa shule alifuta macho. Mume wangu alianza tena kuongea; alitengeneza ngazi mpya ya mlangoni, fupi, ya kunifaa. Nilirudi kuwa mtu. Sitaki kukudanganya kwamba sikufurahi. Nilifurahi hadi nikaona haya.

Na nilibadilisha siku zangu za kine. Badala ya Jumanne na Ijumaa, nilichukua Alhamisi, kwa sababu Alhamisi Dorika hakuwepo.

Vile vifaa vilivyokuwa njiani havikufika. Mvua za Oktoba zilikata barabara, kisha ikasemekana malori yamezuiwa, kisha hakuna aliyesema kitu. Msimu wa vumbi ukaingia. Nilikuwa nazunguka kwa mbali ili nisipite nyuma ya soko, lakini siku moja ya Januari gari la mchanga lilifunga njia, nikapita. Alikuwa pale kwenye kigoda chake. Goti lake lilikuwa limekunjika kama kiwiko cha mtu aliyebeba mtoto. Aliniona, akainua mkono mweusi, akapaza sauti: "Mwalimu! Unatembea kama bibi arusi!"

Nikamuuliza kine habari za Dorika, Alhamisi ile, kama mtu anavyouliza habari za hewa. Alitikisa kichwa. "Yule mama, goti limejifunga. Alipaswa kuvaa Septemba. Sasa hata vifaa vikija, mguu hautaingia. Atafungwa plasta za kunyoosha, wiki baada ya wiki. Zikishindwa, apasuliwe tena."

Mwezi moja, mbili, Faustin alisema.

Kuanzia hapo sukari yangu ilipanda. Nilikuwa nakunywa dawa zote, sili sukari hata kijiko, na bado inapanda. Daktari aliniuliza kama kuna jambo linanisumbua. Nilisema ni kazi.

Mwezi wa tatu, Muzee Anselme alikuja nyumbani. Huyu ndiye kiongozi wa chama chetu cha watu wenye ulemavu; polio ilimchukua miguu yote miwili utotoni, naye hutembelea baiskeli ya magurudumu matatu anayoiendesha kwa mikono. Alikuwa na habari. Sheria ya kulinda watu wenye ulemavu ilikwisha kutoka Kinshasa, alisema, lakini sheria iko kama nguo iliyokatwa bila kushonwa. Sasa provinsi ilikuwa inatayarisha maandishi yake, ya kusema jinsi gani watu watapata miguu, viti na matunzo bila kungoja hadi wafe. Kutakuwa na mkutano, wakubwa watakuwepo, na chama kimeombwa kuleta shahidi.

"Batu yetu banaogopa maikro," alisema. "Weye ni mwalimu. Utasema vile ulingoja, vile mwisho ulipata. Baone kama ile senta inaweza kazi kama bakiisaidia."

"Muzee, mutafute mwingine."

"Juu ya nini?"

Sikupata jibu ambalo ningeweza kulitamka mbele ya mume wangu. Nikakubali.

Mkutano ulikuwa katika ukumbi wenye feni zisizozunguka. Mwanasheria, mwanamke mwenye miwani, alisoma yale maandishi kifungu kwa kifungu, kwanza kwa Kifaransa, kisha kwa Kiswahili. Orodha ya kungojea itakuwa moja. Itabandikwa ukutani kila mwezi. Mtu akipita miezi sita bila kuhudumiwa, apewe jibu la maandishi na atafutiwe senta nyingine. Watu walipiga magongo sakafuni kwa furaha. Halafu akasoma kifungu kingine: "Katika hali ya haraka, mkurugenzi anaweza kumtanguliza mgonjwa." Akauliza kama kuna neno. Hakuna aliyekuwa na neno. Nani atakataa mgonjwa wa haraka asaidiwe? Akageuza ukurasa.

Kisha akaniita mimi.

Nilitembea hadi mbele. Dorika alikuwa amekaa karibu na dirisha, magongo mapajani, ananitabasamia. Karatasi niliyoiandika nyumbani ilikuwa na maneno mazuri ya shukrani. Niliisoma mistari miwili, nikaikunja.

"Madame," nilimwambia mwanasheria, "urudi nyuma kwa ile kifungu ya haraka."

Aligeuza ukurasa. "Ndiyo?"

"Miye nilipitia pale. Kigutu yangu haikuwa inaoza. Ilikuwa muzima. Nilikuwa wa nane, balinitia wa kwanza, kwa sababu nina mutu mu ofisi. Mwenye alikuwa wa kwanza alibaki. Mupaka leo hana mguu, na goti yake imejifunga."

Kalamu ya mwanasheria ilisimama.

"Nani alikuandika?" mkubwa mmoja aliuliza kutoka meza ya mbele.

"Mwandike jina yangu," nilisema. "Miye njo nilijua, na nikakubali."

"Na huyo wa kwanza ni nani?"

Sikulazimika kumtaja. Dorika alikwisha kusimama. Hakuniangalia. Aliweka magongo kwapani, akatoka nje, na tulisikia yakigonga saruji, moja, mbili, moja, mbili, hadi barabarani.

Lile daftari lilikuwa na mwandiko wa Faustin, kwa hiyo kutomtaja hakukumsaidia. Aliondolewa kazini kabla ya wiki kwisha. Ana watoto wanne. Mama mkwe alituma ujumbe kwamba nisikanyage kwake, na sijakanyaga. Baba Gloire alikaa siku tatu karakana akipiga randa mbao ambazo hakuna aliyeziagiza. Siku ya nne alikuja mlangoni.

"Ulikuwa na haki ya kujiosha," aliniambia. "Lakini umetuogesha siye bote na ile maji."

Alisema kweli. Hata leo sijui kama kulikuwa na njia ya kusema ukweli bila kumvunja Faustin. Pengine ilikuwepo ile Jumapili, mezani. Neno moja lingetosha: hapana. Ningelisema, angekuwa bado sekretere, na Dorika angekuwa anatembea.

Nilimwendea Dorika. Nilimkuta anapanga makaa kwa mafungu. Nilibaki nimesimama kwa sababu hakunikaribisha.

"Nimekuja kukuomba musamaha."

"Mm."

"Kama ningeweza kuvua huu mguu nikupe..."

Hapo alicheka, kicheko kikavu. "Ni ya kipimo yako. Nitaufanyia nini? Kupikia?" Aliendelea kupanga. "Unajua yenye inaniuma, mwalimu? Si mguu. Mguu, batu banaibiana kila siku. Nilikuonea huruma. Nilirudi kwetu, nikaambia shangazi, ule mwalimu anaoza, tumuombee. Tulikuombea wiki mbili. Mungu alikuwa anatuangalia tu."

Nililia. Aliniacha nilie hadi mteja akaja, akampimia, akamrudishia asante. Kisha akasema, bila upole, "Ile listi bamesema batabandika ku ukuta. Mi' sijue kusoma. Batu mingi ya ile benchi habajue. Sasa bakibandika, itatusaidia nini?"

Mimi mwalimu sikuliona hilo. Mwanasheria hakuliona, wala Muzee Anselme.

"Niseme nini kwabo?"

"Uwaambie isomwe kwa sauti. Kila mutu asikie numero yake. Na mutu akipita mbele, basome sababu, siye tukiwa pale. Na weye njo utasoma. Utasoma mupaka nikuambie imetosha."

Nilikwenda kwa Muzee Anselme siku ileile, na Muzee akaenda kwa mwanasheria. Maandishi yalipotiwa sahihi, mwezi wa nane, kifungu cha haraka kilikuwa kimebadilika. Lazima daktari na kine wote wawili watie sahihi, na sababu isomwe mbele ya wanaongoja, kwa lugha wanayoielewa. Ni mistari mitatu kwenye karatasi. Mimi najua imelipiwa na nani.

Toka hapo, kila Jumatatu ya kwanza ya mwezi nasimama barazani kabla ya shule na kusoma orodha. Na Jumamosi nakaa kwenye kigoda cha makaa. Hilo hakuniomba, nilimwambia tu kwamba nitakaa, ili yeye akalale chali senta, goti limefungwa plasta na mfuko wa mchanga juu. Mara ya kwanza hakuniamini, alimwacha shangazi anichunge. Wazazi wa wanafunzi wangu walinikuta pale na mikono myeusi, wakadhani nimefukuzwa kazi. Plasta zilibadilishwa mara nyingi. Kila moja ililinyoosha goti lake kidogo, upana wa kidole, na kila moja ilimfanya apige kelele. Niliwahi kuwa pale wakati wanaibadilisha. Alinifukuza.

Novemba Dorika alikuwa amerudi wa kwanza kwenye orodha. Goti lilikuwa limekubali, si lote, lakini kine alisema linatosha. Vifaa vya mguu mmoja vilikuwa vimefika. Jumatatu ile nilipokea orodha, nikaona juu ya jina lake kuna jina jipya, na pembeni: haraka.

Nilisimama na ile karatasi. Benchi zima lilikuwa linaniangalia.

"Soma, mwalimu," Dorika alisema.

Nilisoma jina. Nilisoma sababu: msichana wa miaka kumi na tisa, kigutu kinavuja damu kwa sababu ya kuanguka na magongo, mjamzito wa miezi saba, asipopata mguu sasa, uzito utamwangusha, yeye na mtoto. Chini, sahihi mbili.

"Iko wapi?" Dorika aliuliza.

Msichana aliinua mkono toka mwisho wa benchi. Dorika alimwangalia tumbo, akamwangalia kigutu kilichofungwa kitambaa chenye madoa. Alichukua muda wake. Hakuna aliyemharakisha.

"Sawa," alisema. "Apite."

Nilimaliza kusoma majina yaliyobaki, nikaenda darasani, na siku ile watoto waliandika insha kwa sababu sikuweza kuongea.

Kama uko kwenye benchi kama lile leo, nakuomba mambo mawili. Nyoosha goti lako, hata kama inauma. Na mtu wa kwenu akikuambia kuna njia, muulize jina la aliye mbele yako. Muulize jina, si numero.

Dorika aliitwa Januari, katikati ya vumbi. Nilikuwepo, kwa ruhusa yake. Mguu wake una mkunjo kidogo kwa mbele na atatumia fimbo maisha yake yote. Wangu hauna fimbo. Fundi alimfunga mikanda, akamsimamisha kati ya zile fito mbili za kushikilia. Mimi nilikuwa upande wa pili, nimenyoosha mikono kama mtu anayempokea mtoto anayejifunza kutembea. Alisimama akitetemeka, jasho linamtoka, akaniangalia.

"Mwalimu," alisema, "toka mbele. Unaniziba njia."

Nikasogea, akapita.